Baba Olga

St Petersburg, Jumatatu 22 Aprili 2024

Nimefika jana usiku. Mwenzangu wa bweni alinipokea stesheni akiwa na koti la ziada mkononi, maana ananijua. Miaka thelathini na sita imepita tangu nihitimu hapa, mji ukiitwa bado Leningrad, na hata leo nasafiri na kijikoti cha mvua za Tanga. Nimemletea karafuu, kahawa na doti ya kanga. Kanga moja kaitandika mezani, sufuria ya supu kaiweka juu ya jina lenyewe. Nimenyamaza.

Kadi yangu ya benki huku ni kipande cha plastiki tu, haitoi hela. Nimekuja na noti kibindoni, kama bibi yangu alivyokuwa akienda mnadani.

Kazi iliyonileta ni barua sitini ambazo Malkia Alexandra alimwandikia mumewe, Tsar Nikolai wa Pili, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mchapishaji anazitaka kwa Kiswahili kabla ya mwisho wa Julai. Malipo ya awali aliyoniahidi mwezi wa kwanza bado "yako njiani". Nadhani yanakuja kwa jahazi.

Leo nimekaa mezani saa nne nzima, sijavuka maneno ya mwanzo. Mwanamke huyu alizaliwa Darmstadt, Ujerumani, mwaka 1872. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka sita, akakua chini ya jicho la bibi mzaa mama, Malkia Victoria wa Uingereza. Mumewe Mrusi. Wameandikiana kwa Kiingereza maisha yao yote, na kila barua yake inafunguka kwa kumwaga majina: mpenzi, malaika, hazina, mume. Kiingereza kinayabeba yote kwa mstari mmoja bila haya. Nikiyaweka kwa Kiswahili inakuwa taarabu.

Kwetu mke hamwiti mumewe jina. Mama yangu hakuwahi kulitamka la baba hadi alipozikwa. Alikuwa Baba Fulani, kwa jina la kaka yangu mkubwa. Mtoto wa kwanza wa hawa wawili ni Olga, aliyezaliwa 1895. Nimeandika pembeni kwa penseli: Baba Olga. Nimecheka peke yangu. Kisha nikaitazama tena, na sijaifuta.

Jumatano 24 Aprili

Kitana.

Septemba 1915. Nikolai yuko Mogilev, makao makuu ya jeshi, mwezi haujatimia tangu ajitwalie uamiri jeshi mkuu. Mawaziri wanasafiri kwenda kumwona, na hawana furaha. Mkewe anamkumbusha ajichane kwa kitana cha Rasputin, yule mtu wa dua wanayemwamini, kabla ya kuingia kikaoni. Rasputin mwenyewe hamtaji kwa jina. Ni Rafiki Yetu, kwa herufi kubwa.

Kitana hakinisumbui. Mtu wa Tanga hashangazwi na hirizi. Kinachonisumbua ni sauti. Kwenye karatasi ile ile utakuta homa ya mtoto, waziri wa kufukuzwa, busu, jenerali asiyeaminika, busu tena. Kiswahili kina chumba cha kila neno: ukiwa na mumeo ndani unasema hivi, ukimpelekea shauri mkuu wa nchi unabadili sauti, unatanguliza taadhima, unazunguka, unamwachia mlango wa kukataa. Alexandra hazunguki. Homa na waziri vinatoka kwa pumzi moja. Jana nilijaribu kumfanya anyenyekee kidogo kila anapofika kwenye siasa, ikawa barua ya mtu mwingine. Leo nimeirudisha kama ilivyokuwa. Mfasiri asimfundishe mtu adabu.

Desemba 1916 anamtajia watsari wakali wa zamani, awe kama wao, awakomeshe wapinzani. Mistari michache mbele ni mke aliyemkosa mumewe tu. Na Nikolai, bwana wa sehemu ya sita ya nchi kavu ya dunia, hakukasirika. Alimshukuru kwa karipio, akajiita kimume chake kidogo kisicho na nguvu ya maamuzi. Bado sijapata neno la hapo.

Ijumaa 26 Aprili

Nimekwenda kwa miguu hadi Bolshaya Morskaya namba 47, nyumba ya kina Nabokov, sasa makumbusho. Wageni wote huja kwa ajili ya mwana, mwandishi wa riwaya aliyezaliwa humo 1899. Mimi nilikuja kwa ajili ya baba, maana ni mtangulizi wangu kazini: Vladimir Dmitrievich Nabokov ndiye aliyezitia barua hizi katika Kirusi.

Alikuwa mwanasheria, na alikuwa na cheo cha heshima kasrini, kile wanachopewa vijana wa nyumba kubwa, pamoja na sare yake ya nyuzi za dhahabu. Mwaka 1905 akavuliwa cheo kwa sababu ya siasa zake. Hakulia, hakuomba. Alitangaza gazetini kwamba sare ya kasri inauzwa. Nimesimama mbele ya nyumba ile nikimwaza mtu anayeshika kalamu kuandika tangazo hilo, neno kwa neno, ukubwa wa mabega na bei. Sare ya Tsar, mtumba!

Halafu Machi 1917. Nikolai amejiuzulu ndani ya treni huko Pskov, kwa niaba yake na ya mwanawe, akamwachia kiti mdogo wake Mikhail. Kesho yake Mikhail naye anakataa, katika nyumba ya watu kwenye mtaa wa Millionnaya, si mbali na hapa. Nani anaitwa kusaidia kuandika hati? Nabokov. Waliketi na mwenzake katika chumba cha kusomea cha binti wa mwenye nyumba, na kwenye dawati la mtoto wakaandika karatasi iliyofunga miaka 304 ya ukoo wa Romanov.

Barua zilikutwa Yekaterinburg, ndani ya sanduku jeusi la ngozi, baada ya wenyewe kuuawa Julai 1918. Zilichapishwa Berlin mwaka 1922, kwa Kiingereza cha Alexandra na kwa Kirusi cha Nabokov. Mwaka huo huo, tarehe 28 Machi, wafuasi sugu wawili wa Tsar waliingia kwenye mkutano katika ukumbi wa Philharmonia, Berlin, kumuua mwanasiasa mwingine, Milyukov. Nabokov alimrukia mmoja wao kumzuia, akapigwa risasi akafa. Hawakujua, au hawakujali, kwamba ndiye aliyekuwa akimfasiria mke wa Tsar wao mapenzi yake.

Ningekuwa naye ningemuuliza: yale majina ya mwanzo uliyafanyaje? Kirusi kina vipunguzi vya kila namna, kila jina lina watoto na wajukuu, na kadiri linavyopungua ndivyo linavyonoga. Mimi nikipunguza mtu namtweza: mume anakuwa kijimume.

Nimesimama katikati ya daraja la Mto Moika, watu wakanipita huku na huku. Kijimume! Si ndilo neno la Desemba 1916 hasa?

Jumapili 28 Aprili

Leo kwa Waorthodoksi ni Jumapili ya Matawi. Mitende hawana, kwa hiyo wanabeba vijiti vya mti wa pembezoni mwa maji, wenye machipukizi ya manyoya kama masikio ya paka. Treni ya Tsarskoe Selo ilijaa akina mama na mafungu yao. Njia hii ndiyo reli ya kwanza ya abiria Urusi, 1837. Tsar na jamaa zake walikuwa wa kwanza kufikiwa na reli.

Kasri la Alexander nililiona zamani kwa nje tu, lilikuwa mali ya jeshi la majini na wanafunzi wa kigeni hatukukaribishwa. Vyumba vya familia vimefunguliwa tena 2021. Tulivishwa mifuko ya plastiki juu ya viatu, tukateleza kimyakimya kama watumishi.

Chumba cha Malkia cha urujuani ni kidogo kuliko nilivyodhani. Hariri ya ukutani ya rangi hiyo, mbao za samani za rangi isiyo na hakika baina ya maziwa na limau, kochi la kulalia. Hapa alikuwa akilala mchana kutwa, moyo ukimsumbua, au akisema unamsumbua, na hapa aliandika. Kitu kimoja kilinishtua si humu bali sebule ya pembeni: zulia la ukutani lenye picha ya Marie Antoinette na wanawe, zawadi ya serikali ya Ufaransa ya mwaka 1902. Malkia aliyekatwa kichwa, anakutazama ukipokea wageni. Sijui nani Paris alipitisha zawadi ile.

Watoto walikaa ghorofa ya juu: Olga, Tatiana, Maria, Anastasia, na Alexei wa mwisho. Wasichana walilala vitanda vya kambi kama askari, asubuhi wakioga maji ya baridi. Walikuwa na desturi ya kutia saini pamoja, OTMA, herufi za kwanza za majina yao manne. Na walimwandikia mama yao barua. Kutoka juu kwenda chini! Nyumba moja, ngazi moja. Mama hajisikii vizuri, hawezi kuwapokea, basi binti wa miaka kumi na tatu anaandika kwamba anasikitika hamwoni, na mama anamjibu kwa kalamu: uwe mfano kwa wadogo zako, usiwe mkali kwa watumishi, zuia hasira. Nimezisoma barua hizo za 1909 mara nyingi na kila mara nataka kumshika Olga mkono nimpeleke chini, nigonge mlango.

Mlango wenyewe sasa. Zamani milango ya humu ilikuwa na wenyewe: wanaume weusi wanne, waliovaa suruali nyekundu, koti la nakshi za dhahabu na kilemba cheupe. Kasrini waliitwa "Waarabu". Kazi yao ilikuwa kufungua na kufunga, na mmoja wao akiingia ghafla bila sauti, mgeni alijua kwamba Tsar au Malkia yuko nyuma yake. Mmoja wa hao "Waarabu" alikuwa Mmarekani mweusi, Jim Hercules, aliyeanza kazi enzi za baba yake Nikolai. Alikuwa akipewa likizo, anakwenda kwao Marekani, na anarudi na jeli ya mapera kwa ajili ya watoto.

Jeli ya mapera. Tanga mapera yanaoza chini ya mti hadi mbuzi wanayachoka. Nimekaa kwenye benchi la bustani, baridi ikinipenya, nikawafikiria wale wasichana wanne wanaopewa lulu na almasi kila sikukuu ya kuzaliwa, wanamsubiri Jim na mitungi yake. Kwenye barua sitini nilizonazo hayumo. Mtu aliyefungua mlango hatajwi na aliyepita mlangoni.

Jumanne 30 Aprili

Mwenzangu huweka kalamu zake kwenye kikombe cha enameli ambacho nimekiona tangu nilipofika bila kukitazama. Leo nimekimwaga kalamu nikakipeleka dirishani. Hakina mkono, kimo chake kiganja, mdomo mpana kuliko kitako. Urembo wa buluu na nyekundu juu ya weupe, taji, na chini ya taji herufi za majina ya mume na mke zimesokotana. Upande wa pili tai mwenye vichwa viwili. Mwaka: 1896. Ukingoni enameli imebanduka na chuma kimeota kutu. Kilikuwa cha nyanya yake, zaidi ya hapo hajui.

Huku kila mtu anakijua kikombe hiki. Ndicho kikombe cha Khodynka.

Nikolai alitawazwa Moscow tarehe 14 Mei 1896 kwa kalenda yao ya zamani, 26 kwa yetu. Taji lilitengenezwa 1762 kwa ajili ya Catherine wa Pili, almasi karibu elfu tano. Alijivika mwenyewe, ndiyo itifaki, kwa kuwa hapakuwa na mkono uliokuwa juu ya wake. Kisha akalivua, akaligusisha kwenye paji la mkewe aliyepiga magoti, akajivika tena, ndipo akamvika yeye taji dogo. Sherehe ilikwenda saa nyingi. Katikati yake mkufu wa nishani ya Mtakatifu Andrea ulimponyoka mabegani ukaanguka sakafuni, na waliokuwa karibu wakatakiwa wafunge midomo. Walifunga kwa muda gani? Leo hii kisa hicho nakiandika mimi.

Siku nne baadaye watu wakaitwa uwanja wa Khodynka kupokea zawadi: kikombe hiki, mkate, soseji, mkate wa tangawizi na peremende, vyote vimefungwa kwenye leso. Uwanja ulikuwa wa mazoezi ya jeshi, umejaa mahandaki na mashimo. Watu walianza kufika tangu usiku. Alfajiri ikavuma kwamba zawadi hazitatosha. Hesabu ya serikali ni waliokufa 1,389, wamekanyagana, wengi mashimoni.

Jioni hiyo balozi wa Ufaransa alikuwa na dansi. Baba zake wadogo walimwambia Nikolai kutokwenda ni kumvunjia heshima mshirika, naye akaenda na mkewe. Kwenye shajara yake ya siku ile ameandika idadi ya waliokufa jinsi alivyoelezwa, akaandika mambo ya mchana, akaifikia dansi, akaisifu ilivyopangwa, akalalamikia joto.

Nimemhukumu miaka yote kwa lile joto. Kesho yake walizunguka hospitali, kitanda kwa kitanda, hilo nalo ni kweli. Lakini mji mzima uliona magari yakielekea dansini, na waliolazwa tu ndio waliomwona Tsar akiwainamia. Itifaki ilimwonyesha asivyokuwa. Alivyokuwa aliviandika akavifungia kwenye daftari.

Nimezirudisha kalamu kikombeni.

Jumatano 1 Mei

Sikukuu, maduka nusu yamefungwa. Nimefasiri barua mbili na kufua.

Mwenzangu kaniuliza kwa nini Alexandra hakupendwa na mji. Nimemwambia kwa upande wangu: mavyaa. Kwa sheria ya Tsar Pavel, mama yake Tsar humtangulia mke wa Tsar. Kwa hiyo kwenye maandamano ya kasri, Nikolai alitembea na mama yake, Maria, mkononi. Mkaza mwana alifuata nyuma, mkono wa mtu mwingine. Maria alijua kucheka na watu, kucheza dansi, kukumbuka majina. Alexandra aliona haya hadi uso ukamtoka madoa mekundu, na haya ya mkubwa watu huisoma kuwa kiburi. Hata vito vya dola Maria alivisitasita kumkabidhi, mpaka mkaza mwana akasema basi abaki navyo. Mwanzo wenyewe ulikuwa mbaya: aliolewa Novemba 1894, wiki moja baada ya mazishi ya baba mkwe. Alimwandikia dada yake kuwa harusi ile aliiona kama mwendelezo wa misa za maiti, ila gauni limekuwa jeupe.

Mwenzangu kasikiliza, kisha: "Na wewe unamwita mumewe Baba Olga? Mbele ya mavyaa?"

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Baba Fulani ni jina la mbele za watu. Ni la sebuleni, la sokoni, la mavyaa akiwepo. Barua hizi ziliandikwa chumbani. Mama yangu naye, taa ikizimwa, hapana shaka alikuwa na jina jingine, na halikunihusu. Nimefuta Baba Olga kila mahali, mara hamsini na tisa. Barua zitaanza kwa "mpenzi wangu". Ikiwa taarabu na iwe taarabu.

Alhamisi 2 Mei

Jioni karata. Bwenini tulicheza durak usiku kucha, mjinga ni anayebaki na karata mkononi. Na mjinga nilikuwa mimi, muhula mzima wa kwanza. Mwenzangu kaichanganya pakiti, kapiga juu ya kanga. Ghulamu mwenye kofia ya manyoya, bibi mwenye ushungi wa lulu, mfalme wa kopa katika kanzu ndefu ya watsari wa kale. Pakiti hiyo hiyo ya miaka ya themanini, iliyouzwa kila kibanda cha magazeti.

"Unajua hawa ni nani?"

Nilikuwa nimesoma juzi tu. Februari 1903, Kasri la Majira ya Baridi, Nikolai aliandaa dansi ambayo wageni wote walitakiwa waje wamevaa kama Warusi wa karne ya 17. Yeye alikuwa Tsar Alexei Mikhailovich. Washonaji walikesha, makabati ya vito yakafunguliwa, kila mgeni akapigwa picha. Miaka michache baadaye mavazi yale yakachorwa kwenye karata. Mapinduzi yakaja, sanamu za watsari zikavunjwa, na kiwanda kikaendelea kupiga chapa karata zile zile, kwa hiyo taifa zima la Wakomunisti likashika kasri mkononi kila Jumamosi. Kwetu picha za karata huitwa wazungu, sijui kama kuna lugha nyingine iliyopatia namna hii.

Nimefungwa mara tatu. Bado mjinga.

Jumapili 5 Mei

Pasaka. Usiku tulisimama nje ya kanisa na mishumaa, mmoja anasema Kristo amefufuka, mwingine anaitikia kweli amefufuka, busu tatu. Mayai mwenzangu kayachemsha na maganda ya vitunguu, yamekuwa rangi ya matofali.

Busu hizi tatu zilikuwa sehemu ya itifaki. Kila Pasaka Nikolai aliwapiga busu tatu tatu askari walinzi, watumishi, waimba kwaya, mamia kwa mamia, siku baada ya siku, na Malkia akigawa mayai. Nafikiri ndiyo ilikuwa sherehe pekee waliyoipenda wote wawili: haihitaji kuzungumza.

Jana nilikwenda kwenye makumbusho ya Fabergé kando ya Fontanka. Yai la kwanza, la 1885, aliagiza baba yake Nikolai kwa ajili ya Maria: jeupe tupu kama la kuku, ukifungua kiini cha dhahabu, ukifungua kiini kuna kuku wa dhahabu. Nikolai alipotawala akaagiza mawili kila mwaka, moja la mama na moja la mke; hakuna mwaka aliothubutu kuagiza moja. Miaka ya 1904 na 1905 tu ndiyo hayakuwepo, kwa sababu ya vita na Japani. La 1897 lina gari la farasi alilopanda Alexandra katika sherehe za kutawazwa Moscow. Urefu wake hauzidi kiganja. Milango inafunguka, vipandio vinashuka, magurudumu yanazunguka. Mtoto mmoja mbele yangu kaegemeza paji la uso kwenye kioo, kamuuliza mama yake nani amekaa ndani.

Jumatano 8 Mei

Ngome ya Petro na Paulo. Barabara zinafungwa kwa gwaride la kesho, Siku ya Ushindi, nimezunguka sana. Tsar na jamaa zake walizikwa hapa 17 Julai 1998, miaka themanini kamili, katika kikanisa cha pembeni, mama na baba na mabinti watatu na watu wao wanne waliouawa nao. Mifupa ya Alexei na Maria ilipatikana baadaye, 2007, na haijaletwa. Mlinzi kaniambia nisiegemee kamba.

Ijumaa 10 Mei

Barua sitini zimekwisha rasimu. Mchapishaji kapiga simu. Sasa anataka na kurasa chache za shajara, mwishoni, "kwa ajili ya hisia". Malipo ya awali hakuyagusa.

Nikolai aliandika shajara tangu 1882, daftari hamsini na moja. Hali ya hewa, matembezi, chai, nani alikula naye. Watu humcheka. Mimi, ninayeandika habari za sufuria na koti, simcheki. Ya mwisho ni 30 Juni 1918 kwa kalenda ya zamani, ambayo hakuiacha hata kifungoni: Alexei ameweza kuoga, goti linapata nafuu, hewa nzuri, habari za nje hakuna. Baada ya hapo kurasa nyeupe. Mkewe aliendelea siku tatu zaidi. Mwanamke aliyemtumia mumewe kurasa ndefu, sasa anaandika mistari mifupi kama orodha ya duka. Jumanne ya mwisho, jioni, amecheza karata na mumewe, saa nne na nusu amekwenda kulala, kipimajoto kinaonyesha nyuzi 15.

Mchezo wenyewe anautaja, bezique, karata za watu wawili. Kiswahili hakina jina lake. Nilianza kuweka maelezo chini ya ukurasa, nikaona nimekaa mezani katikati yao. Nimeandika "karata", basi.

Mume anamtaja kwa herufi moja, N. Hakuna malaika, hakuna hazina. Walinzi wako ndani ya nyumba, vioo vya madirisha vimepakwa chokaa, na daftari lolote laweza kusomwa na mtu mwingine. Nimetafuta kifutio, kisha nikaona sikihitaji, mahali pako wazi. Penye N nimeandika Baba Olga.